Waja leo waondoka leo: Google Analytics 4 na wenzake kwenye kaunta ya duka la Tanga

Tanga ina msemo wake: waja leo waondoka leo. Mwenye tovuti anaweza kuuandika juu ya ripoti yake ya mwezi bila kubadili hata neno. Watu 300 wamefika, 280 wameondoka bila kuuliza bei, na Google Analytics 4, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, inachora mstari wa bluu unaopanda kama vile kuna la kushangilia. Chombo ni cha bure na kina nguvu nyingi kuliko mahitaji ya duka dogo. Tatizo ni kwamba kikiachwa kama kilivyokuja, kinahesabu kila kitu isipokuwa mauzo. Maduka mengi ya huku, yawe ya vikapu vya mkonge Ngamiani au nyumba za wageni Raskazone, humalizana na mteja WhatsApp, na yanayosemwa WhatsApp Google haiyaoni.

Mapitio haya yanapima vyombo vitano kwa swali moja: kipi kinamwambia mwenye duka nini cha kubadilisha wiki hii ili auze zaidi? Jibu fupi kwa mwenye haraka ni hili. Ukiwa na saa moja tu kwa wiki, itumie kwenye Google Search Console. Ukiwa na saa mbili, ongeza Google Analytics 4 (kuanzia hapa GA4), lakini baada ya kuirekebisha. Microsoft Clarity ni ya kuwasha pale tu unapokuwa na swali mahususi. AWStats iliyomo ndani ya cPanel, jopo la kuendeshea seva ya tovuti, iache ilale. Matomo waachie wenye mtaalamu wa kudumu. Majina ya vitufe hapa yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, ili usiyatafute kwa kubahatisha.

GA4: irekebishe kwanza, uiamini baadaye

Toleo la zamani, Universal Analytics, liliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023. Masomo mengi ya video bado yanafundisha toleo hilo, kwa hiyo ukikuta mwalimu anataja "Goals" na "Views", funga hiyo video, vitufe hivyo havipo tena. GA4 huhesabu kwa matukio. Kufungua ukurasa ni tukio, kushuka hadi asilimia 90 ya ukurasa ni tukio, kubofya kiungo kinachotoka nje ya tovuti ni tukio. Ziara huitwa hai ikizidi sekunde 10, au ikifungua kurasa mbili na zaidi, au ikizaa tukio muhimu ("key event"), yaani tendo ulilolisajili mwenyewe kuwa lina maana kwa biashara yako. Zinazobaki ndizo za waja leo waondoka leo.

Sekunde 10 ni kipimo legevu. Ukurasa wenye picha nzito unaweza kumshikilia mtu kwa muda huo akiwa bado anasubiri picha zifunguke. Kwa hiyo usijisifu kwa asilimia ya ziara hai kabla hujapima kasi ya tovuti.

Anza na saa. Ukifungua propati, yaani daftari moja la tovuti moja, na kubofya kitufe cha kuendelea bila kusoma, unaweza kujikuta na saa za Los Angeles na hesabu za dola. Hapo siku ya ripoti itageuka saa nne au saa tano asubuhi ya Tanga, kutegemea majira ya huko, na oda za asubuhi zitaandikwa jana. Nenda "Admin", kisha "Property details", weka Tanzania, GMT+3, na sarafu TZS. Mabadiliko hayarekebishi yaliyopita, ndiyo maana yafanywe siku ya kwanza. Kumbuka pia kwamba GA4 inasoma saa kwa mtindo wa 24: ikiandika 20, hiyo ni saa mbili ya usiku. Kuna watu wamepanga kurusha matangazo saa mbili asubuhi kwa kusoma namba hiyo vibaya.

Cha pili ni muda wa kutunza takwimu. Kwa kawaida GA4 hutunza taarifa za kina kwa miezi 2 tu. Fungua "Data retention" uweke miezi 14. Ripoti za kawaida haziguswi na kikomo hicho, ila sehemu ya "Explore", ambako maswali ya kina huulizwa, inaguswa. Kwa duka la Tanga jambo hili si la pembeni. Msimu wa Ramadhani na Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa Kizungu, kwa hiyo kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana kunadanganya. Inabidi uchague mwenyewe siku 30 za Ramadhani ya mwaka jana na siku 30 za mwaka huu, uziweke ubavuni kwa ubavuni, na hilo linataka takwimu za zaidi ya mwaka mmoja.

Cha tatu ni kujitoa wewe mwenyewe kwenye hesabu. Duka lenye ziara 15 kwa siku, kama mwenyewe, mdogo wake na fundi wa tovuti wanaifungua mara nane, basi zaidi ya nusu ya "wateja" ni wao. GA4 ina chujio la kuondoa anwani ya intaneti ya ofisini, na mafundi wengi hukimbilia hilo. Kwa anayetumia bando la simu, chujio hilo halifai kwa sababu mbili. Anwani ya simu hubadilika mara kwa mara, na mitandao ya simu hugawa anwani moja kwa wateja wengi kwa wakati mmoja, hivyo ukiifungia unaweza kumfungia na mnunuzi. Ubaya zaidi, chujio likishawashwa, kilichochujwa hakirudi. Kama tovuti ni ya WordPress, njia salama ni plagini (programu ya nyongeza) ya Google iitwayo Site Kit: ina sehemu ya kutowahesabu watu walioingia kwa nenosiri la tovuti. Ingia kwenye simu zenu wote, mkae mmeingia.

Kubofya WhatsApp kuwe tukio muhimu

Hapa ndipo kazi ilipo. Kitufe cha WhatsApp cha tovuti huwa ni kiungo cha mtindo wa wa.me/255 kikifuatiwa na tarakimu tisa za namba, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Kwa kuwa kiungo hicho kinatoka nje ya tovuti, GA4 hukinasa chenyewe kama tukio liitwalo click, na ndani yake huandika link_domain kuwa wa.me. Taarifa ipo tayari, imefukiwa tu.

Kuifukua: "Admin", "Events", halafu "Create event". Lipe jina oda_whatsapp. Jina lianze na herufi, lisiwe na nafasi, na lisizidi herufi 40. Weka masharti mawili: event_name iwe sawa na click, na link_domain iwe sawa na wa.me. Hifadhi. Kisha lisajili jina hilohilo, herufi kwa herufi, kama tukio muhimu. Bofya kitufe mwenyewe kwa simu ambayo haijaingia kwa nenosiri la tovuti, uangalie ripoti ya papo kwa papo, ambayo huonyesha dakika 30 zilizopita. Ripoti za kawaida zinaweza kuchukua saa 24 hadi 48, kwa hiyo ukiona kimya kesho asubuhi usianze kubomoa.

Mambo matatu hukwamisha. La kwanza, baadhi ya plagini za kitufe cha kuelea hutumia api.whatsapp.com badala ya wa.me, sharti lako halitakamata kitu. Shikilia kidole juu ya kitufe usome anwani kabla hujaandika sharti. La pili, kuna vitufe ambavyo si viungo kabisa, vinafunguliwa kwa msimbo wa JavaScript, na GA4 haivioni. Badilisha kitufe kiwe kiungo cha kawaida. Ni rahisi kuliko kujenga mtambo wa kukifuatilia. La tatu, kubofya namba ya simu ili kupiga hakuhesabiwi peke yake, kwa sababu kiungo cha tel: hakiendi kwenye domeni nyingine, yaani anwani ya tovuti nyingine. Kama wateja wako wanapenda kupiga, na wenye nyumba za wageni wanajua jinsi wageni wa kutoka Dar wanavyopenda kusikia sauti kabla ya kulipa, utahitaji Google Tag Manager, chombo cha Google cha kusimamia misimbo ya ufuatiliaji, nayo ni bure. Humo weka kichochezi cha kubofya viungo vinavyoanza na tel: kisha kirushe kwa GA4 kwa jina simu_kupiga.

Kubofya si kununua, ni kweli. Daraja kati ya viwili ni ujumbe uliokwisha kuandikwa. Kiungo cha wa.me hukubali maneno mwishoni kwa kuongeza ?text=, kwa hiyo kila bidhaa iwe na msimbo wake: "Habari, naulizia kikapu K12". Mteja akibofya, ujumbe unakuja na K12 ndani yake. Mwisho wa wiki unahesabu kwenye simu K12 zimeingia ngapi na zimelipwa ngapi, kisha unalinganisha na GA4. Tuseme kubofya ni 20, waliolipa ni 3, na wastani wa oda ni shilingi 45,000. Mapato ni 135,000. Gawa kwa 20, kila kubofya kuna thamani ya shilingi 6,750. Sasa ukilipia tangazo, unajua kikomo cha bei ya kubofya kabla hata hujatoa gharama ya kikapu chenyewe na nauli ya mzigo kutoka stendi ya Kange. Namba hiyo ina faida kuliko grafu zote za GA4 zikiwekwa pamoja.

Wenye malipo ndani ya tovuti wana kero yao. Mteja akipelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo kisha akarudishwa, GA4 inaweza kuandika kwamba ameletwa na kampuni ya malipo, na tangazo la Instagram lililomleta likakosa sifa yake. Dawa ipo kwenye mipangilio ya msimbo, "List unwanted referrals": weka domeni ya kampuni hiyo. Halafu kuna malipo ya simu yanayoomba namba ya siri kwenye skrini. Mteja anaweka namba ya siri, anapata ujumbe wa muamala, anaridhika na kufunga kivinjari kabla ukurasa wa "Asante" haujafunguka. Pesa imeingia, GA4 haina habari. Kwa hiyo mauzo ya GA4 kuwa pungufu kuliko orodha ya miamala ni hali ya kawaida; yakiwa mengi kuliko miamala ndipo utafute kosa, na mara nyingi ni ukurasa wa "Asante" unaohesabiwa upya mteja anapoufungua tena kuangalia namba ya oda.

Nani kamleta?

Fungua ripoti ya vyanzo utakuta kundi kubwa liitwalo "Direct". Wengi husoma kwamba hao ni watu waliokariri jina la tovuti. Sivyo. Kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa kawaida hufika bila chanzo, na chote huangukia humo. Kwa mji ambao habari hutembea kwa makundi ya WhatsApp ya mtaa, shule na harusi, "Direct" ndiyo kapu la kila kitu.

Dawa ni kuweka alama kwenye kiungo kabla hujakituma: mwishoni mwa anwani ongeza ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=idi. Andika herufi ndogo daima, kwa sababu WhatsApp na whatsapp huhesabiwa kama vyanzo viwili. Neno la utm_medium usilibuni ovyo. GA4 ina orodha ya maneno inayoyatambua, na social ni mojawapo. Ukiandika bango au stendi, ziara zinaweza kutupwa kwenye kundi la "Unassigned". Jina lako la kubuni liweke kwenye utm_campaign, huko liko huru. Alama hizi ziwekwe kwenye viungo vinavyotoka nje kuja kwako tu. Ukiziweka kwenye bango la ndani ya tovuti, unavuruga chanzo halisi cha mteja.

Ripoti ya miji isikusumbue. GA4 hukisia mji kwa anwani ya intaneti, na intaneti ya simu mara nyingi hutokea Dar es Salaam, kwa hiyo mtu aliyeketi Chumbageni anaweza kuandikwa mkazi wa Dar. Nchi huwa inapatia zaidi, mji usiuamini kiasi cha kupanga bei za usafiri juu yake.

Ripoti yenye thamani ni "Landing page", ukurasa ambao mgeni aliufikia kwanza, iliyopo chini ya "Engagement". Bofya alama ya kujumlisha, ongeza "Session source / medium", na kwenye safu ya matukio muhimu chagua oda_whatsapp. Hapo unaona ukurasa gani, kutoka wapi, umezaa maulizo mangapi. Kinachojitokeza mara nyingi ni kurasa za habari kuzishinda kurasa za bidhaa kwa wageni na kushindwa vibaya kwa maulizo. Makala ya jinsi Richard Hindorf alivyoleta mkonge mwaka 1893 huvuta wanafunzi wenye kazi ya historia. Ukurasa wa Mapango ya Amboni huvuta hata asiyelala Tanga. Usizifute, weka katikati ya ukurasa, si mwishoni, picha moja ya bidhaa au chumba, bei yake na kitufe. Kisha upime baada ya wiki nne.

Wiki nne nimeitaja kwa makusudi. Duka dogo lina namba ndogo, na namba ndogo zinarukaruka. Maulizo yakitoka 2 kwenda 4, GA4 itakuandikia ongezeko la asilimia 100 kwa rangi ya kijani. Ni watu wawili tu. Fikisha angalau maulizo 30 kwa kila upande unaolinganisha ndipo uamue, hata ikichukua miezi miwili. Namba zikiwa ndogo kuna mtego mwingine pia: GA4 huficha mistari yenye watumiaji wachache kulinda faragha yao, hivyo jumla inaweza kukataa kulingana na mistari yake. Kwenye "Reporting identity" chagua "Device-based" na hali hupungua.

Search Console, chombo kisicho na makeke

Kama GA4 ni mhesabu wa watu waliokwisha ingia dukani, Search Console inakuonyesha waliosimama mlangoni na walichokuwa wakiulizia. Inatoa maneno yaliyoandikwa Google, mara ulizoonekana, mara ulizobofywa na nafasi yako ya wastani, na hutunza miezi 16 bila kuombwa. Takwimu za siku mbili tatu za karibuni huwa bado hazijakamilika.

Kuiweka kuna njia mbili. Ya domeni nzima inahitaji kuongeza rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti, na inakusanya www, isiyo www, http na https kwa pamoja. Ya anwani moja inahitaji faili dogo tu, lakini ukikosea ukaandika yenye www wakati tovuti inafunguka bila www, utaona sifuri miezi na miezi. Vyovyote iwavyo, akaunti iwe ya mwenye duka. Fundi apewe ruhusa ya "Full" kwenye Search Console na "Editor" kwenye GA4, basi. Maduka mengi takwimu zake zimo kwenye barua pepe ya fundi aliyehamia Arusha na hapatikani tena hata kwa simu.

Kabla ya maneno, pita kwenye ripoti ya "Pages" uangalie kama kurasa zako zimo Google kabisa. Sababu ya aibu inayojirudia ni kurasa kuzuiwa kwa noindex, amri inayoiambia Google isiuorodheshe ukurasa. WordPress ina kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji, fundi hukiweka tiki wakati wa ujenzi na kusahau kukitoa. Tovuti inapendeza, kadi za biashara zimechapishwa, na Google imeambiwa isipite hapo.

Kazi ya kila wiki ni hii. Fungua matokeo ya utafutaji kwa miezi 3, chagua ukurasa mmoja, kisha maneno yake, upange kwa kuonekana. Tafuta maneno ambayo nafasi yake ni kati ya 8 na 20: hayo yako ukingoni mwa ukurasa wa kwanza, na juhudi kidogo huyasogeza. Soma yalivyoandikwa, si ulivyodhani yangeandikwa. Muuzaji wa Tanga ameandika "bidhaa za mkonge" kila mahali, kumbe wanunuzi wengine wanatafuta "kamba za katani", wengine "kikapu" kwa umoja, na wageni wanatafuta kwa Kiingereza. Weka maneno yote mawili, mkonge na katani, kwenye ukurasa mmoja kwa sentensi za kawaida. Usitengeneze kurasa mbili zinazofanana, zitagombania nafasi moja.

Ukionekana mara nyingi na kubofywa mara chache huku nafasi ni nzuri, kasoro iko kwenye kichwa cha ukurasa. Kichwa cha "Nyumbani" au "Karibu sana" hakimwambii mtafutaji kitu. "Vikapu vya mkonge (katani) Tanga: bei na usafiri hadi Dar" kinamwambia kipo nini, wapi, na kwamba bei haikufichwa. Badilisha kichwa kimoja kwa wakati, andika tarehe kwenye daftari, subiri. Ukibadilisha vichwa kumi siku moja hutajua kipi kilileta nini.

Humo humo kuna ripoti ya kasi, Core Web Vitals, ingawa tovuti yenye wageni wachache huambiwa takwimu hazitoshi. Ikiwa hivyo tumia PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya ukurasa mmoja mmoja. Picha kubwa ya juu ifunguke ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie kidole ndani ya milisekunde 200. Kinachoangusha maduka ya huku karibu kila mara ni picha zilizopandishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, megabaiti 4 kila moja. Picha 20 ni megabaiti 80 za bando la mteja, ambaye ataondoka kabla ya ya tatu. Punguza upana hadi pikseli 1,200, hifadhi kwa WebP (muundo mwepesi wa picha), lenga chini ya kilobaiti 200.

Clarity, AWStats na Matomo

Microsoft Clarity ni ya bure na inarekodi jinsi mgeni alivyotembeza kidole kwenye ukurasa. Rekodi hukaa siku 30. Chuja za simu pekee, angalia kumi kwa wiki, zinatosha. Utaona mambo ambayo jedwali halisemi: mtu anagonga picha mara nne akitaka ikue na haikui, bei iko chini mno, kitufe cha WhatsApp cha kuelea kimefunika kitufe cha "Nunua" kwenye skrini ndogo. Ukishapata jibu lako izime, kwani kila msimbo unaoongeza unaupa ukurasa mzigo.

AWStats husoma kumbukumbu za seva, na inahesabu roboti nyingi kama watu. Namba yake inayopendwa na wauza tovuti ni "hits". Ukurasa mmoja wenye picha 30 na mafaili matano ya mwonekano ni hits 36 kwa mgeni mmoja. Fundi akikuambia tovuti yako ina hits 40,000, muulize maulizo ni mangapi. Faida pekee ya AWStats ni kuonyesha anwani zilizokufa, zile za kosa 404.

Matomo, ambayo hadi Januari 2018 iliitwa Piwik, unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, takwimu zikabaki kwako. Ni safi, ila inataka hifadhidata ya MySQL na kazi ya kupanga ripoti kila saa kwa cron, kipangakazi cha seva. Kwenye hostingi ya bei nafuu inayogawanwa na tovuti nyingi, ripoti huanza kuchelewa na hifadhidata kuvimba. Inawafaa wenye mtaalamu wa kudumu.

Kwa vyovyote vile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na masharti ya Google yenyewe yanakataza kutuma majina au namba za simu za watu ndani ya GA4. Wengi huvunja bila kujua. Fomu ya oda ikitumwa kwa mtindo wa GET, unaoandika majibu ya mteja kwenye anwani ya ukurasa, ukurasa wa "Asante" huwa na anwani yenye ?jina=...&simu=07..., na GA4 inaimeza yote. Fungua ripoti ya kurasa, weka safu ya anwani kamili, tafuta "simu=" na "07". Ukikuta, badilisha fomu iwe POST, isiyoyaandika kwenye anwani, kisha kwenye "Data streams" fungua sehemu ya "Redact data" na uandike simu na jina kwenye orodha ya vigezo vya kufutwa. Hiyo inafunika yanayokuja tu. Yaliyokwisha ingia yaombee kufutwa kupitia "Data deletion requests", na uchague tarehe kwa uangalifu, kwa sababu kilichofutwa humo hakirudi.